Plamu za Kingori Zilivyozaa Pichi

"Toka nje, Murugi! Toka uone uchafu uliniuzia!"

Hiyo ni sauti ya Kingori, jirani yangu. Kama hukuwahi kumsikia, fikiria kinu cha kusaga posho ambacho kimekosa mafuta.

Mimi nilikuwa jikoni na akina mama, tunakunywa chai. Nyumba yangu wakati huo ilikuwa haikosi watu. Anayetoka shambani anapitia kwangu. Anayeenda dukani anapitia kwangu. Habari ya kijiji chetu chote cha Endarasha ililala kwangu kabla haijaenda kwingine.

Nikatoka na kikombe mkononi.

Kingori alikuwa langoni, amebeba kiondo cha mama yake. Hakusalimu. Alikigeuza kiondo juu chini na matunda yakamwagika uani, tu-tu-tu-tu, hadi miguuni mwangu. Kuku wakaja mbio.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Ni pichi," nikamwambia. "Hata mtoto wa kunyonya anaijua."

"Na mimi nilinunua nini kwako?"

"Plamu."

"Basi niambie wewe fundi wa miti! Ng'ombe wangu akizaa mbuzi, nikamshike nani? Si yule aliniuzia?"

"Kingori, ng'ombe yako nimeiona. Hiyo hata ikizaa paka mimi sitashangaa."

Akina mama nyuma yangu wakapasuka kicheko. Lakini kilikatika haraka, kwa sababu Kingori hakuwa anacheza. Midomo yake ilikuwa inatetemeka.

"Cheka. Cheka sana. Miaka minne nimengojea. Miaka minne! Leo mti unazaa takataka yenye manyoya. Huyu mama ni tapeli! Mnasikia nyinyi wote? Anaokota pichi za porini, anafunga kamba, anaita plamu!"

Wapendwa, niseme ukweli. Nimetukanwa na watu wengi. Nilikulia soko la Chaka, matusi najua kuyapokea na kuyarudisha yakiwa moto zaidi. Lakini hilo la tapeli liliniingia hapa, moyoni.

Kwa sababu gani? Ngoja niwaeleze.

Hii ilikuwa mwaka wa sabini na tatu. Sisi tulikuwa tumepewa mashamba huku Kieni baada ya uhuru, kila mtu na kipande chake, na kila mtu alikuwa anapanda viazi. Viazi mbele, viazi nyuma, viazi hadi mlangoni.

Mimi nilitaka kitu kingine. Wakati wa mzungu nilikuwa kibarua wa kuchuma plamu katika shamba lake, na nilipokuwa nachuma nilikuwa naangalia. Vile wanakata kijiti. Vile wanapasua. Vile wanaunganisha na kufunga. Hakuna mtu alinifundisha. Niliiba kwa macho.

Tulipopata shamba letu nikaanza miche yangu. Unapanda mbegu ya pichi, kwa sababu pichi ni ngumu, udongo wa huku inaujua. Ikifika unene wa kidole unaikata, unaipachika kijiti cha plamu, unafunga vizuri. Zikishikana, unapata mti ambao mguu ni pichi na mwili ni plamu. Pale zinaposhikana panabaki uvimbe umepinda kidogo, kama goti. Mimi naita goti.

Shikeni hilo neno. Goti.

Mume wangu Theuri alikuwa anafanya kazi Nanyuki, anakuja mwisho wa mwezi. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha mji. Na mwaka huo kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuwa kimekubali kwamba mvua kubwa ikianza, kila boma litapanda miche yangu. Kila boma! Nilikuwa nimeandaa miche hadi nyuma ya choo, imejaa kwa mikebe ya mafuta ya Kimbo, inangoja mvua.

Hiyo mvua ikipita kabla miche haijapandwa, mizizi inajisokota kwa mkebe, mche unakuwa kuni. Na mwenyekiti wa hicho kikundi alikuwa nani?

Wachuka. Bibi ya Kingori.

Sasa mnaelewa kwa nini lile neno liliniuma.

"Kingori," nikasema, "hiyo miti niliipanda na wewe. Mimi na wewe. Ulishika mche, mimi nikarudisha udongo. Unakumbuka?"

"Nakumbuka ulinipima ujinga!"

"Twende basi tuione."

"Usikanyage kwangu!" Akapiga lango teke. "Ukikanyaga kwangu nitakufungulia mbwa. Na akina mama watasikia. Wakikutana kwangu Jumamosi, hiyo miche yako utapikia githeri!"

Akaondoka.

Nikageuka. Akina mama walikuwa wanafunga leso zao.

"Mnaenda wapi? Chai haijaisha."

"Tumeacha moto, Murugi."

Wote walikuwa wameacha moto. Endarasha nzima ilikuwa inaungua siku hiyo, inaonekana.

Kufikia kesho yake nilikuwa na jina jipya. Nilienda mferejini kuteka maji, nikakuta foleni. Mmoja akakohoa. Mwingine akasema, bila kuniangalia, "Mpisheni Mama Pichi, asije akatugeuza."

Kicheko.

"Akikushika mkono unaota manyoya."

Kicheko tena.

Nilijaza mtungi wangu. Sikujibu. Mimi, Murugi, sikujibu! Hapo ndipo mjue mambo yalikuwa mabaya.

Wengine walisema ni uchawi. Ati nilitemea miche mate. Wengine walisema kwamba plamu haiwezi kukubali Endarasha, ati ikionja udongo wa huku inajibadilisha. Kila mtu alikuwa na maneno, na hakuna aliyekuja kunywa chai.

Jioni nilikuwa napika sufuria ileile kubwa kwa mazoea, halafu nakaa na watoto wangu tunaiangalia. Mapacha wangu walikuwa na miaka mitatu. Wakaniuliza, "Mami, watu wameenda wapi?"

Niwajibu nini?

Kilichoniuma zaidi, sikuwa naelewa. Nilijua kazi yangu. Goti nililiona likishika. Siku ya kupanda lilikuwa juu ya udongo, unapitisha ngumi chini yake. Mwaka wa kwanza nilienda kuiangalia hiyo miti, ilikuwa na majani mapana ya plamu, mazuri kabisa. Halafu nikapata mapacha, nikawa na mikono miwili na matiti mawili na kazi ya watu kumi. Sikurudi tena.

Kwa hivyo plamu zilikuwepo. Zilienda wapi?

Ijumaa nikashuka hadi Nyeri mjini kununua kamba. Kamba yangu ya kufungia nilikuwa nachukua kwa duka la Jagdish, na dukani mara nyingi unampata bibi yake, Lalita. Huyo mama tulikuwa tunaelewana. Alikuwa anapenda habari kama mimi. Ukiingia kununua sindano unatoka jua likiwa limeshuka.

Siku hiyo nilikaa kimya. Akaniangalia juu ya miwani.

"Murugi, leo nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Nipe tu kamba."

"Hapana nunua kamba na uso kama hiyo. Kaa. Kunywa maji." Akanisukumia kiti. "Mimi nataka kwambia, shamba yenu kule iko na plamu tamu sana. Mimi nimetengeneza achari nayo. Jagdish anakula na kidole."

Nikaweka glasi chini.

"Plamu ya nani?"

"Ya kwenu. Ya Endarasha. Yule Wachuka naleta, wiki jana. Kapu nzima."

"Wachuka gani?"

"Wachuka ya Kingori! Yeye nasema miti nimetoa kwa jirani. Jirani si ni wewe?"

Sijui niliaga vipi. Kamba niliiacha palepale juu ya meza, Lalita akabaki ananiita, "Murugi! Murugi, kwani mimi nasema nini baya?"

Hebu fikirieni. Mtu anakuja kunimwagia pichi uani. Ananiita tapeli mbele ya watu. Watoto wangu wanakula peke yao kama waliotengwa. Na kumbe nyumbani kwake ana plamu! Anazipeleka mjini! Wahindi wanatengeneza achari!

Usiku huo sikulala, nilikuwa nachemka tu.

Jumamosi akina mama walipokusanyika kwa Kingori, na mimi nilikusanyika.

Sikupiga hodi. Mbwa alikuja, nikamwangalia, akarudi alikotoka. Hata yeye aliona.

Akina mama walikuwa wamekaa kwa nyasi. Wachuka amesimama mbele, ameanza maombi. Kingori ameegemea ghala, mikono kifuani. Mama yake, Cucu Gathoni, nyanya yetu sote, amekaa kwa kigoda chake mlangoni anamenya njegere.

"Amina," nikasema kabla maombi hayajaisha. "Wachuka, achari ya Lalita ni tamu. Nimekuja kukushukuru."

Wachuka akafungua macho. Rangi ikamtoka.

"Achari gani?" akauliza mmoja.

"Ya plamu. Kapu nzima, wiki jana. Muulizeni mwenyekiti plamu imetoka wapi, na hapa kwake kunazaa pichi tupu."

Unasikia njegere zikianguka kwa bakuli.

Wachuka akaanza kubabaika. "Ni... ni ule mti mmoja. Ule wa kando ya choo. Huo ulizaa vizuri. Huyu bwana yangu, Baba Wamae, alisema ulitupatia mmoja wa kweli ili tusikushuku."

"Nionyesheni."

"Nilikwambia usikanyage hapa!" Kingori akanguruma.

"Nimeshakanyaga. Sasa nikanyagie wapi ingine?"

Nikazunguka nyumba. Akina mama wote nyuma yangu, hakuna hata aliyejifanya haji. Habari ni habari.

Kweli, nyuma ya choo, kwa kale kakona ka mawe, kulikuwa na mti wangu. Mti wangu! Majani mapana, shina safi, na matunda machache ya mwisho yamebaki juu, mekundu hadi yanakaribia weusi.

"Huu, kabla haujazaa, tulidhani ni mgonjwa," Wachuka akasema polepole. "Kwa sababu majani yake hayafanani na ya ile mingine."

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Mimi nilicheka. Nilicheka kicheko kibaya.

"Mgonjwa! Huu ndio mzima, mama! Hiyo mingine ndiyo ilikufa."

Nikapiga magoti. Nikawaonyesha goti la mti, limekaa juu ya udongo, vilevile nililiacha. Hapo kwa mawe hakuna mtu anaweza kupanda viazi, kwa hivyo hakuna jembe lilikuwa limefika.

Halafu nikageuka nikaangalia ile mingine, imesimama katikati ya viazi.

Nikaona.

Wewe ukiwa huku Kieni, ukiona matuta ya viazi huyaangalii. Umeyazoea. Udongo umeinuliwa kwa kila shina, ni kawaida. Sasa angalia mti. Na mti pia ulikuwa na tuta lake. Kubwa. Limepandishwa hadi karibu na goti langu mimi mwenyewe.

"Nipeni jembe."

"Hakuna kuchimba hapa!" Kingori akaja mbio.

"Unaogopa nini, Kingori? Ukishaniita tapeli, chimba uonyeshe utapeli."

"Mpe jembe," mama mmoja akasema. Halafu mwingine. Halafu wote. Wachuka ndiye aliyelileta, mkono wake mwenyewe.

Nikaanza na mti ulio karibu na ghala. Nikainua jembe, nikashusha, na jembe likazama kama limeingia kwa majivu.

Nikasimama.

Udongo wa viazi mwezi wa pili, jua kama lile, huwa mgumu. Huu ulikuwa laini. Huu ulikuwa umechimbwa si zamani, ukarudishwa.

Nikaendelea kwa mikono. Udongo ukatoka, ukatoka, hadi nikafika chini. Na pale chini nikalipata goti langu. Limeoza. Plamu yote juu yake imekuwa nyeusi, ukiishika inavunjika kama mkate uliolowa. Na chini ya goti, ule mguu wa pichi umetoa machipukizi, manene, yenye afya. Hayo ndiyo yaliyopanda juu, yakawa mti. Ukiwa umesimama huwezi kujua yanatoka wapi, kwa sababu kila kitu kimezikwa.

"Mlimzika mtoto, mguu ukaendelea kutembea." Hivyo ndivyo niliwaambia.

Lakini kulikuwa na kitu kingine. Kwa ile ngozi iliyooza kulikuwa na alama ya kisu. Mtu alikuwa amekwangua aone ndani. Alama ilikuwa mpya.

Nikainua kichwa.

"Kingori. Ulichimba hapa lini?"

Akavuta kofia hadi machoni.

"Nimekuuliza. Ulichimba lini?"

Wachuka akageuka kwa bwana yake polepole sana. "Baba Wamae. Si uliniambia ulikuwa unatafuta fuko?"

Akina mama wakaguna. Wiii.

"Uliniambia kuna fuko anakula viazi," Wachuka akaendelea, sauti inapanda. "Nikakuletea hata maji ya kumwaga kwa shimo lake! Na hiyo ilikuwa kabla hujaenda kwa Murugi. Siku moja tu kabla!"

Kwa hivyo alijua.

Sikilizeni vizuri. Huyo mtu alichimba, akaona goti limezikwa, akakwangua, akaona limeoza. Akajua kabisa kosa si la mche. Akarudisha udongo. Kesho yake akajaza kiondo pichi, akaja kwangu.

Nilitaka kumpiga na lile jembe. Siwadanganyi. Nililishika vizuri kabisa.

"Kwa nini?" nikamuuliza. "Nilikukosea nini? Nilikunyima chumvi? Bibi yako akizaa, ni nani alimwoshea nepi? Kwa nini?"

Anaangalia viatu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma yetu.

"Ni mimi."

Cucu Gathoni alikuwa amekuja polepole na fimbo yake. Hakuna aliyemwona akitoka kwa kigoda. Aliangalia lile shimo muda mrefu.

"Huu udongo ni mimi niliwaambia wauweke," akasema. "Kila msimu wa kupalilia."

"Cucu, uliwaambia akina nani?"

"Si hawa." Akaonyesha na fimbo, akazungusha mkono wote, akina mama wote. "Wakija ngwatio."

Ngwatio nyinyi wa siku hizi hamuijui. Ni kazi ya zamu: leo wote tunapalilia kwako, kesho kwa mwingine, hadi kila shamba limalizike. Mimi nilikuwa na kundi lingine, la upande wa juu. Lakini hawa wote waliokuwa wamesimama hapo walipalilia kwa Kingori kila msimu.

"Nilikuwa naona ile baridi inachoma majani ya viazi hadi yanakuwa meusi," Cucu akasema. "Nikawaza, hii miti ya mtoto wangu itakufa. Kiazi ukikiinulia udongo kinashukuru, kinazaa zaidi. Nikawaambia mkifika kwa mti, msiupite. Uinulieni udongo. Uongezeeni. Hata mimi nilikuwa nakuja jioni naongeza na mikono yangu. Nilikuwa naifunika, mama. Kama vile unamfunika mtoto."



Nikaangalia wale akina mama. Mmoja akaficha mikono kwa leso. Mwingine akajifanya kuna kitu kimemwingia jichoni.

"Wewe," nikasema. "Uliyeniita Mama Pichi mferejini. Ulikuwa kwa ngwatio?"

"Murugi, mimi nilifanya vile niliambiwa..."

"Na wewe wa manyoya? Ulikuwepo?"

Akaitikia na kichwa.

"Kwa hivyo mlizika miti na majembe yenu, mkaenda nyumbani, mkaoga, halafu mkaja kunicheka mimi!"

Kingori sasa ndiyo akapata sauti. Na haikuwa ile ya kinu. Ilikuwa ndogo.

"Ningesema nini, Murugi? Nikachimba, nikaona, nikajua ni maitu, mama mzazi. Watu walikuwa wananiuliza kila siku plamu ziko wapi. Nilikuwa nimejigamba hadi Othaya. Ningesimama mbele ya watu niseme mama yangu ndiye aliua miti?"

"Kwa hivyo ukaona afadhali uniue mimi."

Akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ghala.

Hapo ndipo Cucu Gathoni alifanya kitu ambacho sikukitarajia. Alimwendea mwanawe, mtu mzima na ndevu zake, akainua fimbo. Hakumpiga. Alimgusa kifuani tu, akaishikilia hapo.

"Kingori. Mimi nimepanda viazi tangu kabla baba yako hajanioa. Viazi vimeniozea, mahindi yameniozea, hata ng'ombe wameniozea zizini. Nimeaibika mara ngapi, na bado niko hapa nakula. Nani alikuambia aibu yangu unaibeba wewe? Na ukishaibeba, nani alikuambia ukamwagie mama wa watoto wadogo?"

Halafu akageuka, akarudi kwa njegere zake. Mgongo umepinda, lakini nawaambia, siku hiyo hakuna mtu alikuwa mrefu kumshinda.

Mnadhani mimi nilipoa? Sikupoa hata kidogo. Nilikuwa na hasira na jembe mkononi na kikundi kizima mbele yangu, nikawafundisha kwa hiyo hasira.

"Njooni hapa! Kaeni! Leo mtajifunza kwa nguvu."

Nikachimba shimo hapohapo. Mkono mmoja na nusu kwenda chini, na upana hivyohivyo. Udongo wa juu, ule mweusi, nikauweka upande huu. Wa chini, ule mwekundu, upande ule.

"Samadi iliyooza, si mbichi! Mbichi inachoma mizizi. Unachanganya na huu mweusi, unarudisha. Mche unatoka kwa mkebe na udongo wake, unakaa shimoni vilevile ulikuwa umekaa kwa mkebe. Si chini zaidi! Goti linakuwa juu, unapitisha ngumi. Hata udongo ukija kuzama baada ya mvua, bado goti linaona jua. Unakanyaga pole, unamwagilia. Unafungua ile kamba yangu mti ukishashika, usije ukaukaba shingo."

"Na baridi, Murugi?"

"Nyasi kavu! Unatandaza nyasi, na hata hizo zisiguse shina. Unaacha nafasi ya kiganja. Na kitu chochote kikichipuka chini ya goti, unang'oa siku hiyohiyo, hata kama ni kizuri namna gani. Hicho ni pichi inataka kuchukua nyumba."

"Na viazi?"

"Viazi vikae mbali na mti. Na mkija ngwatio, yule atainulia mti wangu udongo nitamzika yeye, kichwa ndiyo kitabaki juu. Hilo ndilo goti lake."

Wakacheka. Kwanza kwa uoga, halafu vizuri.

Wachuka akajifuta uso. Akasimama mbele yao kama mwenyekiti.

"Ile habari iliyotukutanisha leo," akasema, "ya kukataa miche. Kuna mtu bado anataka kuizungumza?"

Hakuna.

"Basi mvua ikinyesha, tunapanda. Na ngwatio ya kwanza ya kuchimba mashimo inaanzia kwa Murugi, tumsaidie kubeba mikebe."

Na zile pichi za Kingori? Nilimwambia asikate. Mguu bado ni mzima. Miti ikilala mwezi wa saba, wakati wa baridi, unaweza kukata na kupachika plamu upya. Nilimwambia nitakuja kuifanya. Nilimwambia nikiwa nimemgeuzia mgongo.

Kwa sababu hakuwa ameniomba msamaha. Mama yake alisema. Bibi yake alisema. Akina mama wote walisema, mmoja mmoja, wengine wakinishika mkono. Yeye alisimama tu kwa ghala lake.

Nikaenda nyumbani bado nachemka.

Nawaandikia haya kwa sababu kila wiki naona huku mtandaoni mtu anapiga picha mti wake, analia ameuziwa mche wa uongo, anataja muuzaji jina. Huenda ni kweli. Matapeli wako, tena wengi. Lakini kabla hujaenda kupiga kelele langoni kwa mtu, chukua jembe uchimbe kwako kwanza. Na ukishachimba ukaona, usirudishe udongo. Kosa la mtu unayempenda likizikwa, litachipuka tu, na litachipukia kwa jirani.

Hiyo jioni, sasa.

Nyumba ilikuwa imejaa tena hadi watu wamekaa kwa kizingiti. Sufuria kubwa iko motoni, mukimo, na safari hii haikutosha, nimeongeza nyingine. Kila mtu anaongea, hakuna anayesikiliza. Vile napenda.

Mbwa akabweka. Nikachungulia.

Cucu Gathoni alikuwa langoni na fimbo yake. Na nyuma yake, ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, Kingori. Hakuwa amevuka. Anaangalia mlima kama amesahau kitu huko juu.

Nikaenda.

"Sikuja kukaa, mama," Cucu akasema. "Huyu amekuja kusema neno. Nilimwambia atembee nami hadi alipate. Sasa limekwama hapo barabarani."

Nikamwangalia Kingori. Hasira yangu ilikuwa palepale, nzima, haijapungua hata punje. Akafungua mdomo, ukatetemeka vilevile ulitetemeka siku ile ya kwanza.

"Murugi," akasema. "Mimi..."

Watu ndani walikuwa wamejazana mlangoni. Wote masikio.

"Cucu, ingia, kuna nafasi karibu na moto," nikasema. Halafu nikainua sauti, na niliinua kweli, kwa sababu sikutaka adhani nimemsamehe. "Na wewe Kingori! Hilo neno utalisema ukiwa umeshiba, mbele ya hawa wote, na utalisema vizuri! Vuka hiyo barabara, nawa mikono, uingie ule kabla mukimo haijapoa!"